Mwenyekiti Analipwa Kiasi Gani

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji kwa vipindi viwili vizima na kipande cha kipindi cha tatu. Alitolewa kabla hakijaisha. Alitolewa mchana, mbele ya watu aliokuwa amewaamulia ugomvi wa mipaka, aliowaandikia barua za utambulisho, aliowazikia wazazi wao, na walimtoa huku wakicheka.

Kijiji chetu kiko juu ya Hedaru, upande wa milimani, kwenye tangawizi na maharage na migomba. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshashuka. Nilikuwa na banda la chakula pale Hedaru karibu na mahali malori yanapoegesha. Asubuhi nauza chai, chapati na supu, mchana wali na ndizi. Nyumbani nilipandisha kila nilipopata mtu wa kunishikia banda.

Mwenyekiti wa kijiji halipwi mshahara. Mtendaji wa kijiji ndiye analipwa, maana ameajiriwa na halmashauri ya wilaya na anapokea kila mwezi kama mwalimu au mganga wa zahanati. Mwenyekiti anachaguliwa na watu, na watu wakishamchagua wanarudi makwao. Kuna posho ya vikao, kijiji kikiwa na fedha ya kulipa posho, na cha kwetu kilikuwa hakina. Mambo haya niliyajua tangu nikiwa msichana mdogo, kwa sababu niliyaona mezani kwetu. Sikujua kwamba kijiji kizima kilikuwa hakiyajui, au kilikuwa kinayajua na hakiyaamini.

Baba alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa nyumba yake. Mtu akija saa ya kula, baba alisogea kwenye benchi akasema, "Karibu, tumeanza sasa hivi," na mama akaongeza sahani. Gari la wilaya likionekana kwenye kona ya chini, mama alitazama kwanza kuku wake ndipo akatazama barabara. Wageni wale walikula vizuri. Walikuwa watu wa heshima, walimsifu mama kwa mchuzi. Wakishanawa walitoa karatasi zao za posho wakazisaini palepale mezani, juu ya kitambaa alichokuwa amekifuma mama, wakapanda gari wakaenda.

Siku moja mama aliuliza, akiwa amebeba sinia la mifupa, "Na wewe umesaini?"

"Mimi ni mwenyeji," baba alisema.

Wageni walicheka, na baba akacheka nao. Walipoondoka alimwambia mama asirudie tena kumwaibisha mbele ya watu, na alisema kwa sauti iliyotufanya sisi watoto tutoke nje.

Kisha kulikuwa na jambo la bibi. Bibi mzaa mama aliishi peke yake kitongoji cha pili, jicho moja limekufa, mikono imepinda kwa baridi yabisi. Ulipokuja mpango wa kuzisaidia kaya maskini, majina yalisomwa mkutanoni na la bibi lilikuwamo. Wananchi wenyewe ndio waliomtaja. Baba akasimama.

"Huyu ni mkwe wangu," alisema. "Mtoeni. Sitaki iwe maneno."

Watu wakampigia makofi. Mama alikuwa amekaa kwenye majani pamoja na wanawake wenzake. Alirudi nyumbani, akapika makande, akampakulia baba, kisha akajifunga kanga ya pili akaenda kwa mama yake na hakurudi hadi Jumapili. Bibi aliishi muda kidogo baada ya hapo. Alikufa kipindi cha baridi, hajapokea hata senti ya mpango ule. Kaburini baba alizungumza vizuri sana, akawashukuru wanakijiji kwa ushirikiano.

Nilinunua mabati nikiwa nimechoka kuona mama anahamisha kitanda kila mvua ikinyesha. Niliyanunua kidogo kidogo, nikayahifadhi kwa jirani yangu wa Hedaru mpaka yakatosha, nikakodi gari. Yalikuwa ya rangi, ile tunayoiita damu ya mzee. Fundi alipomaliza, paa letu lilionekana hata kutoka bonde la pili.

Baba alilitazama muda mrefu. "Kwa nini ya rangi?" aliuliza.

"Ni mazuri, baba."

"Mazuri," alisema, akaingia ndani.

Haukupita muda mrefu, vijana wa shirika moja kutoka mjini Same walikuja kuendesha semina kwenye darasa la shule ya msingi. Walivaa fulana zinazofanana. Walifundisha kwamba fedha ya umma ni ya wananchi, kwamba mapato na matumizi lazima yasomwe, na kwamba mwananchi ana haki ya kujua kiongozi wake analipwa kiasi gani na nani anayemlipa. Siwalaumu. Yote waliyosema ni kweli na leo ningeyasema mwenyewe. Waligawa soda, wakapiga picha, wakashuka.

Mkutano mkuu wa kijiji uliofuata nilikuwapo. Wanaume walikaa kwenye madawati yaliyotolewa darasani, sisi wanawake kwenye majani ya uwanja wa mpira. Mezani mbele alikuwa baba, na pembeni yake mtendaji akiandika. Baba alisoma mapato, akasoma matumizi, akauliza kama kuna swali.

Alisimama mnunuzi wa tangawizi. Huyu alikuwa mtu wa kijijini kwetu aliyefanikiwa. Alikuwa na lori la Fuso, alikusanya tangawizi kwa wakulima milimani, akaishusha Hedaru kwenye malori ya mbali. Kila siku ya gulio alikula kwangu. Wiki ileile alikuwa amekaa kwenye benchi langu, amekula chapati na supu, akaniita mwanangu.

"Mwenyekiti," alisema, "tumefundishwa tuulize. Mimi naomba niulize. Wewe kwa mwezi unalipwa kiasi gani?"

"Silipwi," baba alisema.

Watu wakaguna. Mmoja nyuma akasema, "Aaa, mzee!" na kicheko kikapita.

"Hulipwi kabisa?"

"Mwenyekiti hana mshahara. Mtendaji yupo hapa, atawaambia."

Mtendaji, ambaye ndiye peke yake pale mezani aliyekuwa na mshahara, aliitikia kwa kichwa na kuendelea kuandika. Hakuna aliyemuuliza wa kwake ni kiasi gani.

"Sawa," mnunuzi wa tangawizi alisema. "Hulipwi. Basi yale mabati mekundu yameota yenyewe?"

"Yamenunuliwa na binti yangu."

"Huyu wa Hedaru?" Aligeuka akanitafuta kwenye majani, akaniona. "Huyu si anauza chai?"

"Anauza chakula."

"Chai, mzee, tunaijua. Mimi tangawizi ndiyo kazi yangu." Alingoja kidogo, mtu anayejua kungoja. "Chai ya kununua nyumba nzima ya mabati, hiyo tangawizi yake lazima ni nyingi mno. Ndiyo maana madereva wa malori hawalali kwingine."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Wanaume walipiga madawati. Mwanamke aliyekaa mbele yangu, ambaye mtoto wake nilimpa kazi ya kuosha vyombo, aliinamisha uso kwenye kanga na mabega yake yakatikisika. Mtendaji aliziba mdomo kwa kalamu.

Mimi nilimtazama baba. Alikuwa na kipaza sauti. Alikuwa ameniona nikiamka saa kumi alfajiri kupika maandazi tangu nikiwa darasa la sita. Nilijua atasema kitu, na nilianza kuogopa atakachosema, kwa sababu alikuwa mkali.

Aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. "Tuendelee na ajenda," alisema.

Hawakuendelea. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwema, alitaka kutuliza mambo. Alisema kwamba mwenyekiti amesema halipwi na wananchi wana wasiwasi, basi iundwe kamati ndogo iende ikaone hali ya nyumba yake, ili maneno yaishe. Hakuna sheria iliyowapa watu wale ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mtu. Baba alilijua hilo kuliko wote. Angeweza kukataa.

"Waje," alisema. "Sina cha kuficha."

Walichaguliwa watatu: mwalimu mwenyewe, kiongozi wa kwaya ya akina mama, ambaye ni rafiki wa mama tangu ujana wao, na baba mdogo, yaani mdogo wake baba wa tumbo moja.

Tuliporudi mama hakunigusa, hakuniambia pole. Aliwasha moto. Baba alipoketi, alimuuliza, "Hao watu wanakuja kuangalia nini?"

"Mali."

"Ya nani?"

"Yangu."

Mama alicheka. Alicheka kwa sauti, akiwa amechuchumaa mbele ya mafiga, na baba akanyanyuka akaenda kulala bila kula.

Asubuhi ile waliyokuja, mama hakufagia uwanja. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuamka nikakuta uwanja wetu haujafagiwa. Alitoa vitambaa vyote mezani na kwenye viti, akavikunja akaviweka mbali, ili viti vionekane vilivyopasuka. Nilipotaka kuchukua vikombe vizuri kwa jirani, akaniambia niache.

Walipiga hodi wakiwa na aibu. Baba aliwapokea, akawaonyesha sebule, kisha akatoka akakaa kwenye kigoda nje ya mlango. Mwalimu alizungusha macho mara moja. "Basi, shemeji," alimwambia mama, "tumeona. Tusikusumbue."

"Hamjaona," mama alisema. "Mmetumwa na kijiji. Ingieni chumbani."

"Shemeji, si lazima."

"Mwenyekiti amesema hana cha kuficha. Ingieni."

Wakaingia chumba cha kulala, mimi nikiwa mlangoni. Mama alivuta shuka akainua godoro. Lilikuwa limekufa katikati, na kwenye lile shimo alikuwa ameshindilia magunia matupu ya tangawizi. "Hapa ndipo analala mwenyekiti," alisema. "Shikeni. Baba mdogo, shika, wewe ni ndugu yake." Na baba mdogo akashika.

Alifungua sanduku lake. Alitoa kitenge cha kanisani, akakiweka kitandani. Alitoa kanga, moja moja, akizigeuza zilipochanika. Kisha akatoa sketi zake za ndani, akazinyoosha mbele ya wale wanaume wawili, akisema, "Hii naivaa, na hii ndiyo ile nyingine."

Kiongozi wa kwaya alianza kulia. "Dada, inatosha."

"Haijatosha. Wewe ulipiga makofi mama yangu alipotolewa kwenye msaada. Nilikuona. Sasa angalia."

Aliwapeleka jikoni, akamwambia baba mdogo afunue vyungu. Akawapeleka ghalani, akawaonyesha mahindi yasiyojaza debe. Akawapeleka kwenye banda la kuku, ambamo alikuwamo jogoo na mtetea mmoja. "Mnaona hawa," alisema. "Wengine wote wako wilayani, kwenye matumbo ya wakubwa." Halafu alifungua mdomo wake, akavuta shavu kwa kidole, akamwonyesha mwalimu pengo. "Na hili jino lilikuwa la kuzibwa Same. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Gari la wilaya likaja."

"Inatosha!" Baba alipiga kelele kule nje. Hakuinuka.

Mama hakugeuka. "Nendeni mkaseme vyote," aliwaambia. "Msipunguze."

Siwezi kusema nilimhurumia baba wakati ule. Kile kicheko cha uwanjani kilikuwa bado masikioni mwangu, na nilipomwona ameinama kwenye kigoda niliona ni halali yake. Nilifurahi. Nilikuwa nimesahau kwamba waliotoka na habari ile walikuwa wanaipeleka kwa watu wale wale waliocheka.

Mkutano wa pili watu walikuwa wengi kuliko wa kwanza. Wengine walikuwa wametoka vijiji vya jirani, hawahusiki kabisa. Mwalimu alisoma taarifa yake polepole, na hakupunguza: godoro, ghala, banda la kuku, hadi nguo za ndani, ingawa alizitaja kwa lugha ya heshima. Alimaliza kwa kusema kwamba kamati imejiridhisha pasipo shaka kwamba mwenyekiti hajanufaika na nafasi yake kwa namna yoyote.

Niliona baba anainua kichwa. Nilidhani sasa mtu atasimama aombe radhi, na nadhani hata yeye alidhani hivyo, kwa sababu alikuwa ameanza kupanga uso wa kusamehe.

Mnunuzi wa tangawizi aliomba nafasi.

"Mama mwenyekiti," alisema kwa adabu, "kwanza tukuulize wewe. Katika yaliyosomwa, kuna uongo?"

Mama alisimama. "Hakuna uongo," alisema, akaketi.

"Asante. Ndugu zangu, mimi nimeogopa. Nilikuja hapa nikidhani tunaongozwa na mwizi. Mwizi ana nafuu, mwizi ana akili, siku moja anaweza kuiba na wewe ukapata fungu. Lakini mtu amekaa na muhuri wa kijiji miaka yote hii, amekula na wakubwa wote wa wilaya, ameshindwa hata kuomba godoro! Mtu aliyeshindwa kumnunulia mke wake sketi, atatuletea sisi bomba la maji?"

Kilianza kicheko, kikageuka makofi. Mzee mmoja ambaye baba alimsimamia kesi ya shamba mpaka akarudishiwa, alisema kwa nguvu, "Kweli kabisa!" Mwingine alisema kijiji kimekosa miradi kwa sababu kinawakilishwa na mtu anayenuka dhiki, ndiyo maana wakubwa hawatusikilizi. Mtu akataka kura ya kutokuwa na imani. Mtendaji alisema utaratibu una hatua zake, akazomewa, akasema basi wanyooshe mikono.

Mikono ikanyooshwa. Wa baba mdogo ulinyooshwa pia, si juu sana. Nilimtazama mama. Alikuwa ameweka mikono yake mapajani, na wale wa kumpinga baba na wale wa kumtetea walipohesabiwa, yeye hakuhesabiwa popote.

Baba alitoa muhuri mfukoni akauweka mezani. "Nawashukuru kwa ushirikiano," alisema. Watoto wa shule walikuwa wamepanda madirishani kuangalia, na kabla hatujafika nyumbani walikuwa wameshampa jina. Mzee Godoro. Aliitwa hivyo tangu siku ile.

Uchaguzi wa kujaza nafasi ulipofanyika, mnunuzi wa tangawizi alipita bila mpinzani.

Huko nyuma baba alikuwa mtu wa kusalimiwa shikamoo kutoka mbali, watu wakivua kofia. Sasa waliendelea kumwamkia, maana umri ulikuwa uleule, lakini waliivuta shikamoo kama wimbo na wakitoka hapo wanacheka. Siku ya mavuno kanisani, ibada ilipokwisha, kukawa na mnada wa mazao kama kawaida. Mwenyekiti mpya alipandisha bei ya jogoo mmoja mpaka kila mtu akanyamaza, akalipa, kisha akamwinua jogoo juu.

"Mpelekeeni mwenyekiti mstaafu," alisema. "Tusije tukamzika kwa njaa."

Usharika mzima ulicheka, na mchungaji naye alitabasamu huku akipanga vitabu vyake. Baba alibaki amekaa kwenye benchi lake. Mama alisimama, akapita katikati ya watu, akampokea yule jogoo kwa mikono miwili, akasema asante. Alimchinja siku ileile na kumpika kwa nazi aliyonituma Hedaru. Baba hakugusa. Sisi tulikula.

Chini ya mwenyekiti mpya mchango wa maji ulipanda, ukapanda tena. Kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kujenga ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji, aliyekosa alitozwa faini bila kuulizwa alikuwa anaumwa au amesafiri. Baba alitozwa mara nyingi kuliko wengine. Magari ya wilaya yalikuwa yanashukia kwa mwenyekiti mpya, na walipokuwa wakila kwake watu walisema sasa tuna kiongozi. Aliongeza Fuso la pili. Hakuna kamati iliyokwenda kuinua godoro lake.

Kwa hiyo nilipopanda kwa ajili ya mkutano, nikiwa nimeuacha uoga wangu Hedaru pamoja na banda, nilinyoosha mkono. Mama alikuwa pembeni yangu. Baba alikuwa mbele, nyuma ya wazee wenzake.

"Naomba kuuliza swali lililowahi kuulizwa hapa," nilisema. "Mwenyekiti analipwa kiasi gani? Na fedha ya maji iliyoongezwa, imelipa nini?"

Kukawa na mngurumo. Mwenyekiti hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu kama anayepokea mgeni. "Muuza chai ametuletea swali," alisema. "Jamani, tumpe posho ya swali?"

Walicheka tena, lakini safari hii nilibaki nimesimama. Nilisema, "Sijajibiwa." Na nilikuwa nasikia, nyuma kabisa, mtu mmoja au wawili wakisema, "Ajibu, ajibu." Walikuwa wachache, lakini walikuwapo. Nawaambia walikuwapo.

Ndipo baba aliposimama.

Hakuwa amesema neno mkutanoni tangu siku alipoweka muhuri mezani. Alivua kofia. Aligeuka kidogo kuniangalia, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto, nilidhani hatimaye atanitetea.

"Mwenyekiti," alisema, "naomba radhi kwa niaba ya familia yangu. Huyu ni mtoto wangu, lakini sikumtuma. Tusamehe. Binti, kaa chini."

Walimpigia makofi. Yalikuwa makofi ya kweli, marefu, wala hayakuwa ya mzaha. Mwenyekiti alisema, "Huyu ndiye mzee tunayemjua," akaja akampa mkono mbele ya wote. Wale waliosema ajibu walikuwa wamenyamaza. Mimi nilikaa chini.

Mkutano ulipoisha watu walimzunguka baba wakimsalimia, wakimuuliza habari za shamba. Alirudi nyumbani mbele yetu akitembea wima, na njiani nilimsikia akimjibu mtu "marahaba" kwa sauti yake ya zamani. Nadhani ile ndiyo siku aliyokuwa na furaha kuliko zote tangu atolewe.

Mama alipika, akapakua, tukala sote. Kisha akaniuliza, "Kesho gari la kwanza linashuka saa ngapi?"

"Alfajiri."

Asubuhi alitoka na lile sanduku. Baba alikuwa mlangoni, bado hajanawa uso. "Unakwenda wapi?"

"Hedaru."

"Utarudi lini?" Mama akajitwika sanduku. "Na nani atapika hapa?"

"Huna wageni," mama alisema.

Amekaa nami tangu hapo. Jino la pili, lililokuwa limeanza kutoboka, aliliziba Same wiki ya kwanza tu. Yeye ndiye anayepika wali sasa, na wateja wameongezeka, maana mkono wake hata wale wakubwa wa wilaya waliusifu. Mwenyekiti naye bado anakuja siku za gulio. Anakula, anamwita mama shemeji, analipa, anaondoka. Mama anamhudumia kama anavyomhudumia kondakta.

Baba alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, akawa anakwenda kliniki Same. Gari la mlimani linaishia Hedaru, kwa hiyo lazima ashuke pale abadilishe. Mara ya kwanza alikuja bandani mchana, amevaa koti lake la vikao, limemlegea mabegani. Nilimwamkia. Akaketi kwenye benchi kati ya madereva wawili.

Mama alimjia akiwa na kitambaa cha kufutia meza. "Unakula nini?"

"Chochote."

"Chochote hatuna. Kuna wali maharage, wali nyama, na ndizi."

Alimtazama mama, akanitazama mimi. "Wali maharage," alisema.

Mama alimpakulia kipimo kilekile anachopakuliwa kila mtu. Baba alikula taratibu, akamaliza, akanywa maji, akainuka kama mtu anayeinuka mezani kwake.

"Mzee," mama alisema, "hujalipa." Akamtajia bei.

Baba alisimama akidhani anataniwa. Dereva mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye sahani yake. Baba aligeuka akanitazama tena, na mimi nilikuwa nimeshika upawa, na ningeweza kusema, mwache mama. Niliendelea kupakua. Alijipapasa mifuko yote, akatoa noti iliyokunjwa mara nyingi, mama akainyoosha, akamrudishia chenji yake mkononi.

"Karibu tena," alimwambia, kama anavyowaambia wote.

Anakaribia. Kila siku ya kliniki anashukia kwetu, anachagua maharage, anakula. Siku hizi fedha anaishika mkononi kabla hajaketi.